Gari Lililopimwa kwa Ndizi

Ukipita Kibeta, mjini Bukoba, asubuhi ukasikia mtu anagombana na chuma, usiulize ni nani. Ni fundi Datius. Boliti ikiota kutu huibembeleza kwanza, halafu huitukana, halafu huibembeleza tena, na majirani walishazoea, wanapita zao. Kwa hiyo mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, walishangaa kumkuta kimya siku nzima chini ya gari lake mwenyewe. Na gari la fundi, kama mjuavyo, ndilo hutengenezwa la mwisho.

Gari lenyewe ni Land Cruiser mkonga, kuukuu, lenye mabenchi mawili ya kutazamana kwa nyuma. Alikuwa analitengeneza kwa ajili ya abiria mmoja tu, na abiria huyo alikuwa amekaa barazani, fimbo magotini, akimtazama. Ni mama yake mzazi, Verdiana.

Mama Verdiana alitaka kurudi kwake, basi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake asubuhi na jioni. Kwake ni mbele ya Nshamba, wilayani Muleba, kwenye kibanja alichoolewa akiwa binti, ambako mumewe amezikwa katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Miaka mitatu kabla ya hapo aliteleza kwenye matope akisafisha majani makavu ya migomba, akaangukia kisiki, pingili moja ya mgongo ikapasuka. Datius akamleta Kibeta ili awe karibu na hospitali. Mgongo ukaunga, lakini kwa masharti. Daktari alisema mama anaweza kukaa, anaweza kutembea kidogo kwa fimbo, ila asipate mtikisiko wa ghafla. Mtikisiko wa ghafla! Mtu aliyesema maneno hayo hakuwahi kuteremka barabara ya kutoka Nshamba kwenda kwa akina Datius.

Walijaribu mara moja kwa teksi ya mjini. Lami iliwafikisha salama kabisa. Walipoiacha Nshamba na kuanza kuteremka, katika korongo la kwanza gurudumu la nyuma likapanda mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma, na mama akapiga yowe ambalo Datius hajalisahau mpaka leo. Wakageuza. Mama alilia njia nzima, na si kwa sababu ya mgongo peke yake.

"Nimefika mpaka nikasikia harufu ya Nshamba," alisema walipokaribia Bukoba, "halafu mkanirudisha."

Sasa kuna jambo ambalo Datius hapendi lisemwe, lakini bila hilo habari hii haina maana. Baada ya siku ile hakuwa na haraka yoyote ya kutafuta njia nyingine. Alisema anafikiria, na alifikiria kwa muda mrefu sana kwa mtu ambaye riziki yake ni magari. Ukweli ni kwamba alikuwa anafurahia kuishi na mama yake.

Datius alitolewa nyumbani akiwa bado ana mapengo ya meno ya utotoni, akapelekwa Bukoba kwa baba yake mkubwa ili asome. Haikuwa kwa ubaya. Ndivyo watu walivyosaidiana, na shule za mjini zilikuwa na sifa. Alikuwa anarudi Nshamba likizo, na likizo ikiisha mama alipakia mikungu ya ndizi kwenye pikapu iliyokwenda mjini, zawadi kwa shemeji yake, kisha akamnyanyua mtoto na kumkalisha juu ya ndizi. Kutoka huko juu Datius alimwangalia mama akipungua, akipungua, mpaka pikapu inakata kona na migomba inamfunika. Alijifunza kutolia, kwa sababu ukilia juu ya ndizi unajifuta machozi kwa mikono yenye utomvu na utomvu hauna huruma. Halafu akawa kijana, akawa fundi, akaoa, akawa babu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa na mama yake zaidi ya likizo.

Kwa hiyo miaka ile mitatu ya Kibeta, kila alfajiri alipomsikia mama akikohoa chumba cha pili na kuulizia maji ya moto, Datius alijisikia mtu anayerudishiwa kitu chake alichonyang'anywa. Angewezaje kuwa na haraka?

Kilichomshinda ni mvua. Ilikuwa inanyesha alasiri moja, mvua nzuri ya kwanza, na mama alikuwa dirishani. Datius alimuuliza kama anasikia baridi.

"Nasikiliza," mama alisema. "Mvua ya huku inapiga kelele tu juu ya mabati. Haisemi kitu. Kule kwetu inaanzia bondeni, unaisikia inatembea juu ya migomba, inakuja, inakuja, mpaka inakufikia. Unajua hata imefika kwa nani. Sijui kama nitaisikia tena, mwana wange."

Datius akatoka nje. Alisimama kwenye mvua hiyohiyo ya kelele, akalitazama lile mkonga lililokaa juu ya matofali, akaona aibu.

Jioni ile akampigia simu Haidari, rafiki yake wa tangu walipojifunza ufundi pamoja, ambaye siku hizi yuko Mwanza na huhudumia magari ya mashindano. Akamweleza tatizo. Kila gari, kati ya ekseli na chesesi, lina kipande kifupi cha raba ngumu. Mafundi wanakiita stopa. Gurudumu likipanda mpaka mwisho wa safari yake, stopa ndiyo inayopokea pigo ili chuma kisigonge chuma. Lakini raba ni raba. Inalipokea pigo kisha inalirudisha palepale, na anayelipata ni mgongo wa abiria.

"Wewe unataka stopa za haidroliki," Haidari alisema. "Ni mtungi mnene kama chupa ya chai. Ndani kuna mafuta na gesi ya nitrojeni, chini umechomoza mti wa chuma wenye kofia ngumu. Ekseli ikipanda inaisukuma ile kofia, mafuta yanajipenyeza kwenye vitundu, pigo linaishia humohumo ndani. Ninazo jozi mbili, zimetoka kwenye magari ya mashindano. Hilo la kwako ni gari la nini?"

"La mama."

"Mama anashindana?"

"Anashindana na mimi," Datius alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Jozi moja ilikuwa fupi, nyingine ndefu. Haidari alimshauri achukue fupi, kwa sababu inakaa palepale ilipokuwa raba, boliti mbili na kazi imekwisha. Datius alikaa na ushauri huo usiku mmoja. Stopa fupi inachelewa kukutana na ekseli, na ikikutana nayo ina nafasi ya vidole viwili tu kulimeza pigo lote. Ndefu inaipokea ekseli mapema, ikiwa bado iko mbali, inaenda nayo polepole mpaka inasimama. Kwa gari la mashindano tofauti hiyo ni sekunde kwenye saa. Kwa mama ilikuwa tofauti kati ya kufika na kupiga yowe. Asubuhi akampigia tena.

"Nitumie ndefu."

"Hapo umechagua kazi, siyo stopa," Haidari alimwambia. Na kweli.

Ndefu haziingii mahali pa raba. Ilibidi atoe springi zote za nyuma, ekseli ibaki inaning'inia kwenye jeki, kisha aipandishe upande mmoja, ashushe, apandishe mwingine, ashushe, apandishe pande zote mbili mpaka tairi linakaribia kulamba bodi, huku akiweka alama za chaki kwenye chesesi. Alikuwa anatafuta sehemu moja tu, ambapo kofia ya stopa itakutana na ekseli ikiwa imenyooka. Ikipokelewa kwa ubavu, mti unapinda na mafuta yanavuja, na hapo una chupa ya chai iliyopasuka. Alihakikisha shokapu haifiki mwisho wake kabla ya stopa kumaliza kazi, akaona inafika, akahamisha kishikio cha shokapu. Akachonga sahani mbili za chuma, akazichomelea juu ya ekseli ziwe mahali pa kofia kutua.

Nyumba za stopa, yaani vile vikombe vya chuma vinavyoshika mitungi, alizichomelea mitungi ikiwa bado imefungwa kwenye boksi lake, mezani kwa mama, kwa sababu moto wa kuchomelea unaua sili za ndani. Alitoa na betri. Alipomaliza hakumwagia maji. Alikaa akasubiri chuma kipoe chenyewe, na kila baada ya muda anakigusa kwa nyuma ya mkono, kama anavyopimwa mtoto mwenye homa. Mama alikuwa ameshafungua boksi, ameipakata ile mitungi miwili.

"Hivi vichupa ndivyo vitakavyonifikisha nyumbani?"

"Ndivyo, Mama."

"Ni vizito," alisema, akiviangalia kwa heshima.

Mpaka hapo kazi ilikuwa safi, na mimi sina la kumlaumu. Lililobaki ni uzito. Springi unaipunguza vyuma au kuiongeza kufuatana na mzigo, na gesi unaijaza vivyo hivyo. Gesi haijui nani amepanda. Ukiijaza kwa gari zito, gari jepesi italirusha. Ukiijaza kwa gari jepesi, lile zito litazama mpaka mwisho. Fundi lazima aamue gari lake litabeba nini, ndipo afungue mtungi wa nitrojeni.

Na hapo ndipo Uhaya wake ulipomponza. Nani amewahi kuona gari likitoka kwenye kibanja cha Muleba tupu? Mtu ukirudi mjini mikono mitupu, watu wanauliza kama kwenu kuna msiba. Kichwani mwa Datius, mkonga likitajwa pamoja na Nshamba lilikuwa tayari limejaa ndizi. Alikuwa ametoa vyuma viwili kwenye kila springi ili iwe laini. Akarudisha kimoja. Akaenda Ijuganyondo kwa wakwe zake, akaazima mikungu ya ndizi, akaipanga kwenye mabenchi na chini ya mabenchi mpaka ikafika madirishani. Katikati akatandika godoro, na juu ya godoro akalaza gunia la maharage, akalifunika kanga, ndiyo mama.

Mkewe, Georgina, akatoka nje kutazama.

"Baba Violeth, huyo uliyemlaza hapo ni mama mkwe wangu au ni mboga?"

"Ni kipimo."

"Basi kifunike vizuri, kisije kikapigwa na baridi."

Kwa mzigo huo akajaza gesi, akazunguka njia mbaya zote za Ijuganyondo, akasimama, akapunguza kidogo, akazunguka tena. Mwishowe gari lilikuwa linazama kwenye shimo na kutoka bila sauti, na gunia halijasogea. Datius alirudi Kibeta anaimba. Akamwambia mama wataondoka Jumamosi, watakaa siku mbili tatu, apazoee tena, auone kaburi la baba, kisha watarudi maana kuna kliniki.

"Tutaona," mama alisema.

Yeye akasikia ndiyo.

Jumamosi Georgina alibaki nyumbani na mjukuu mchanga, mama na mwana wakaondoka. Mama alikuwa amelala kwenye godoro lake katikati ya mabenchi matupu, amevaa gauni la kanisani, na kila baada ya kilomita chache alikuwa anauliza wamefika wapi ingawa alikuwa anaona. Kemondo. Muhutwe. Muleba mjini. Walipofika Nshamba ilikuwa siku ya gulio, njia imejaa watu na mikungu na vitenge, na mama akaomba vioo vifunguliwe. Datius alimwangalia kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho na anavuta pumzi, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwa miaka mitatu. Akafurahi, na moyo ukamuuma palepale.

Kisha lami ikaisha.

Katika shimo la kwanza chuma hakikugonga chuma, na Datius akataka kushangilia. Lakini nyuma ya gari ilipanda ikarushwa juu, ikashuka, ikarushwa tena. Mama akasema "Aai!" na akashika mguu wa benchi. Datius akapunguza mwendo mpaka ukawa mwendo wa kutambaa. Shimo la pili likawa vilevile. Mbele yao, kama hatua mia hivi, lilikuwa lile korongo lililowarudisha mara ya kwanza.

Akasimamisha gari, akaingia chini. Hakuna kilichovuja, hakuna kilichopasuka, kila boliti iko mahali pake. Alilala pale kwenye vumbi jekundu akitazama kazi yake iliyokamilika isiyofanya kazi. Angeweza kupunguza gesi, lakini geji aliiacha Kibeta, na ukiitoa kwa kubahatisha upande mmoja unakuwa laini kuliko mwingine na gari linayumba. Alitoka huko chini uso umembadilika.

"Siku ile ya majaribio," mama alimuuliza kutoka kwenye godoro, taratibu, "ulipakia nini humu?"

"Ndizi, Mama. Na wewe. Yaani gunia."

"Ndizi za kwenda au za kurudi?"

Datius akatazama mabenchi matupu.

"Kwenda Nshamba hakuna anayebeba ebitoke, mwana wange. Wewe umelipima gari la kurudi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Datius alisikia masikio yakiwaka moto, kwa sababu ilikuwa kweli, na mikono yake ilikuwa imelijua jambo hilo kabla yake. Wiki nzima alidhani anatengeneza gari la kumpeleka mama nyumbani.

Akageuka pembeni ili mama asimwone. Ndipo akaona wanawake waliokuwa wanatoka gulioni, wanateremka kwa miguu na makapu vichwani. Akawatazama kwa jicho la fundi. Kisha akaenda barabarani akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama zangu, pandeni! Pandeni wote, na mizigo yenu, hamlipi kitu!"

Walimshuku kwanza, na nani asingeshuku? Lakini mmoja, mama mtu mzima aliyebeba majembe mawili mapya, alichungulia ndani akaangusha majembe yake chini, akapaza sauti kwa Kihaya.

"Verdiana! Kasinge waitu, kasinge! Ni wewe kweli?"

Alikuwa Judica, jirani wa mpaka mmoja na mama, Mlutheri wa kutupwa ambaye kwa miaka arobaini alibishana na Verdiana Mkatoliki juu ya nani wao anaimba vizuri zaidi kanisani, huku wakitafuna kahawa pamoja kila jioni. Alipanda bila kungoja msaada. Wengine wakafuata. Walijaa mabenchi yote mawili, magoti yao yakamzunguka mama pande zote, makapu yakapangwa miguuni, chumvi, sabuni, dagaa, majembe, na mwenye kiti cha plastiki akakipakata. Gari likashuka kidogo juu ya springi zake, likatulia. Datius akalisikia likitulia.

Walilikaribia korongo. Alishika usukani kwa nguvu hadi vidole vikauma. Mkonga likainamisha pua, likazama, magurudumu ya nyuma yakapanda, zile stopa zikaipokea ekseli mapema, zikaenda nayo, zikaiweka chini. Hakuna sauti. Nyuma alisikia tu Judica akiendelea na habari ya mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa, na mama yake akicheka. Walikuwa wameshavuka. Mama hakujua kwamba wamevuka, na Datius hakumwambia.

Nyumbani, mdogo wake Mugisha na mkewe, wanaokaa kwenye kibanja, walikuwa wametandaza nyasi mbichi sebuleni kama zamani. Mama alizikanyaga peku. Alisalimia kuta. Kisha akaomba aachwe, akaenda kwa fimbo yake hadi kaburini, akakaa kwenye ukingo wa saruji, na watu wote wakajifanya wana kazi upande wa pili. Jioni mvua ilikuja. Ilianzia bondeni. Mama alinyoosha kidole, midomo ikicheza. "Sasa iko kwa Judica," akasema. "Sasa iko kwetu." Ikafika.

Datius alikaa siku zake. Alirekebisha mlango, alichonga fimbo mpya, alimwona mama akila kuliko alivyowahi kula Kibeta, na kila alipotaka kutaja siku ya kuondoka alipata kazi nyingine ya kufanya. Mwishowe asubuhi moja akawasha gari lipate moto, akalipiga godoro vumbi, akalitandika katikati ya mabenchi, na juu yake akakunja vizuri blanketi la mama. Aliporudi kutoka kisimani kunawa alimkuta Mugisha ameshusha blanketi na anapakia ndizi. Mikungu ilikuwa kwenye mabenchi, chini ya mabenchi, na mkubwa kuliko yote ulikuwa umelazwa juu ya godoro.

Mama alikuwa amesimama pembeni anaelekeza.

"Mama, hapo ni mahali pako."

"Najua."

"Na kliniki?"

"Muleba hakuna kliniki? Mugisha atakodi gari anipeleke. Atawabeba na akina Judica, si umetufundisha?"

Datius alikuwa na sababu nyingi, alizipanga njia nzima kutoka kisimani. Zote zikamtoka. Alibaki na moja tu, na ilitoka kama ya mtoto.

"Mimi sijakaa na wewe, Mama. Mugisha amekaa na wewe. Mimi sikukaa."

Mama alimshika mkono, akaugeuza, akatazama grisi iliyoingia kwenye mistari ya kiganja na haitatoka.

"Kila nilipokupandisha juu ya zile ndizi," alisema, "gari likikata kona nilikuwa nakwenda pale kwenye mgomba wa mwisho nakaa chini. Baba yako alikuwa anakuja kunichukua. Unadhani wewe peke yako ndiye ulikuwa unahesabu siku za likizo?"

"Basi twende wote."

"Nikija, nani atakaa hapa ili wewe uwe na pa kurudi?"

Akamsukuma kidogo kifuani, kuelekea garini, kama alivyokuwa anamsukuma zamani. Datius akapanda. Mama alisimama njiani na fimbo mpya, na yeye akaendesha akimtazama kwenye kioo, juu ya mikungu, akipungua, akipungua, mpaka gari likakata kona na migomba ikamfunika. Babu mzima mwenye mjukuu, na bado alikuwa anaondoka nyumbani na ndizi.

Alifika kwenye korongo. Mkonga lilizama likatoka kama lililomwagiwa mafuta, bila kugonga, bila kurusha, laini kuliko siku yoyote ile. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile na huenda hataifanya tena. Alitazama nyuma. Ule mkungu mkubwa ulikuwa palepale juu ya godoro, haujasogea. Akasimamisha gari kando ya njia akalia, na alipojifuta kwa mikono iliyopakia ndizi, utomvu ukamshika usoni kama zamani.

Alifika Kibeta mchana. Georgina alitoka akatazama ndani ya gari, akatazama uso wa mumewe, hakuuliza mama yuko wapi. Aliigeuza mikungu mmoja mmoja, akasema haikuchubuka hata ndizi moja. "Kazi nzuri, Baba Violeth," alisema kwa sauti ya chini, kisha akaenda kuita majirani waje wachukue mgao wao.

Datius akaenda barazani akakaa kwenye kiti cha mama. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya ziwa, na haukupita muda mvua ikaanza. Alitega sikio. Ilipiga kelele nyingi juu ya mabati, na haikusema kitu.